Mutoto wa Goma anasoma Marekani, njia yake ya kurudi shuleni inapita Kinshasa

Simu inalia usiku: baba amekufa, uje tumuzike. Mutoto anasoma Marekani, mwaka wa pili wa univasite, na familia inamungojea Goma kwenye kilio. Hakuji. Siku tatu zinapita, majirani wanaanza kusema ako na majivuno, amesahau kwao. Ni uongo. Yule mutoto hakukataa kuzika baba yake. Anaogopa kukosa namna ya kurudi darasani, na ako na sababu.

Wazazi wengi wanafikiri viza ya mwanafunzi ni ruhusa ya kukaa. Hapana, ni ya kuingilia tu. Akiisha kuingia, kinachomulinda ni masomo yake na karatasi ya shule inayoitwa I-20. Viza inaweza kuisha akiwa darasani, na hakuna mutu wa kumufukuza juu ya ile. Lakini akitoka inje ya Marekani na viza imeisha, ao ilikuwa ya kuingia mara moja, anapaswa kuomba ingine: dola 185 ambazo hazirudishwi hata wakimukatalia, na kusimama tena mbele ya konsuli. Na I-20 iwe imetiwa saini ya safari na shule, saini isiyopita mwaka moja.

Majirani wanatoa mufano wa mutoto wa fulani aliyekuja mwezi wa 12 na akarudi vizuri. Yule alienda kama mukimbizi, ako na kadi ya mukaaji. Si karatasi moja.

Sasa konsuli iko wapi? Tangu tarehe 6 Septemba 2025, Marekani inataka kila mutu aombe viza katika inchi yake ao mahali anakaa. Kwa Mukongomani ni Kinshasa. Na uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu Januari 2025, ule wa Kavumu tangu Februari. Basi mwanafunzi avuke mupaka mpaka Gisenyi, afike Kigali, apande ndege ya Nairobi ao Addis-Abeba, ndipo aone Kinshasa. Anapita inchi mbili za kigeni juu ya kufika kwenye kapitale ya inchi yake mwenyewe, na pale anaenda kuomba ruhusa ya inchi ingine! Banki za Goma nazo zimefungwa, familia imutumie feza kupitia wapi?

Sheria ya Washington ni ngumu, lakini iko na mahali pa kupitia. Wasomali na watu wa Sudani Kusini wamepewa Nairobi kuwa mahali pao pa kuomba viza. Sheria ile ile inasema inaweza kulegezwa juu ya magumu ya kibinadamu. Wakaaji wa Kivu mbili wanakosa nini kwa kuitwa watu wenye magumu? Wanakosa serikali ya kuwaombea.

Muda wa viza nao unazungumuzwa kati ya inchi na inchi. Mwezi wa 7 mwaka 2025 Marekani ilipunguza viza za Ghana kuwa za miezi mitatu, kuingia mara moja. Mwezi wa 9 waziri wa mambo ya inje wa Ghana, Samuel Okudzeto Ablakwa, akatangaza kama ile ya miaka mitano imerudi. Ndiyo, wakati ule Ghana ilikuwa inapokea watu wanaofukuzwa Marekani, na wengi waliona ndiyo bei. Lakini Accra ilienda kuongea.

Kuko wanaosema hawa ni watoto wa matajiri, wajipange. Tajiri hana shida, anapeleka mutoto wake Brussels. Anayeumia ni yule wa bursi, ambaye familia iliuza kiwanja juu ya tiketi ya kwanza.

Tarehe 27 Juni 2025, waziri Thérèse Kayikwamba Wagner alikuwa Washington kutia saini mapatano na Rwanda, mbele ya Marco Rubio. Ofisi ya Rubio ndiyo inatoa viza. Mulango Kinshasa inaujua, na barua ya kuomba Wakivu wapokelewe Kampala, Bujumbura ao Kigali haijazi kurasa mbili. Nani anaiandika?