Kuandika Habari za Nyumba Uipendayo

Wako watu wadhanio kwamba kuandika habari za mtu ni kumsifu tu. Mimi sikubali, na sababu zangu nitazieleza kwa vitabu viwili.

Cha kwanza kilipigwa chapa mwaka 1822. Mwandishi wake ni Washington Irving, Mmarekani, na jina lake ni Bracebridge Hall. Humo asimulia habari za watu wa nyumba moja kubwa ya shamba huko Uingereza. Yumo bwana mwenye nyumba, apendaye mno desturi za kale. Yumo jamaa yake asiyeoa, msimamizi wa michezo na karamu. Yumo na mwindaji mzee, Christy, mwepesi wa hasira. Mwandishi ni mgeni wao: huwacheka kwa upole, wala hawachomi kwa neno kali.

Cha pili ni cha nchi yetu, Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi. Misheni ya Magila ilianza kukipiga chapa mwaka 1895, na mwaka 1962 kikatolewa kizima Nairobi. Nyumba yake ni Vuga, mji wa wafalme wa Usambara. Humo twamwona Mbegha, mwindaji wa nguruwe, aliyefukuzwa na ndugu zake huko Ngulu; akawagawia Wasambaa nyama, hata wakamfanya mfalme wao. Twamwona na Kimweri, aliyetiiwa katika nchi kubwa. Tena twaona jinsi baadhi ya Wakilindi walivyowaonea Wabondei hata wakaasi, na jinsi ndugu walivyopigana baada ya Kimweri kufa, watu wakatekwa na kuuzwa utumwani.

Sasa angalieni jambo hili. Abdallah hakuwa adui wa Wakilindi. Alikuwa karani wa Semboja, mwana wa Kimweri, naye alikula chakula cha nyumba ile. Angaliweza kuandika sifa tupu, lakini hakufanya hivyo. Ukarimu wa Mbegha na ukatili wa wazao wake aliviandika katika kitabu kimoja.

Labda mmoja wenu ataniuliza, "Mwalimu, si utovu wa adabu kutaja makosa ya wakubwa?" Namjibu hivi: Msengenyaji hutaja kosa ili mwenzake achekwe. Mwandishi mwema hulitaja ili aliyeonewa asisahauliwe. Kama Abdallah angalinyamaza, tungalijua majina ya wafalme, bali taabu ya raia wao isingalijulikana.

Kwa hiyo naona Irving atufundisha upole, na Abdallah atufundisha kweli. Upole bila kweli ni kujipendekeza. Kweli bila upole ni matukano. Yatupasa kuvishika vyote viwili.

Nanyi watoto wa Babati, hapa kati ya mlima Kwaraa na ziwa letu, wako wazee ambao habari zao hazijaandikwa na mtu. Chukueni kalamu. Andikeni habari za babu mfugaji, na bibi msimulizi wa hadithi, na mvuvi wa ziwani, na mtumishi achotaye maji nyumbani kwenu. Anzeni na mema yao. Na palipo na kosa, msilifiche. Wahenga walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."