Mzee Santana Bado Anafundisha

Ndugu wanafunzi, wengi wanasema: « Santana alimalizaka mu 1999, na diski Supernatural. » Sisi tunakataa. Juu ya nini? Mu 2019, akiwa na miaka 71, huyu mtu wa Meksiko alitoa diski ingine, Africa Speaks. Anayeimba ni Buika, mzaliwa wa Uhispania, wazazi wake ni wa Guinea ya Ikweta. Tusikilize vizuri: gitaa haijisifu, inamuachia mama nafasi, inajibu ngoma. Mzee wa sifa vile, na bado anajifunza kwa Afrika! Na sisi, hata wa mwaka wa sita, tunacheka mwenzetu akileta ngoma ya kijiji ku korali. Tuache ile haya.