Mkulima Asiyeona Naye Asomewe

Katika gazeti hili husomwa kila mwezi habari za mbegu, mbolea na magonjwa ya ng'ombe, na sisi makarani wa kilimo hufurahi tunapomwona mkulima amelikunja akalitia mfukoni. Lakini wako wakulima ambao gazeti haliwafai kitu, wala tangazo, wala barua, kwa sababu hawaoni. Hao nao hulima na kufuga, na serikali imewawekea misaada yao. Ila habari za misaada hiyo huandikwa, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja wa kupanda alifika ofisini kwetu mzee wa mahindi na maharagwe, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Aliuliza kwa nini hajapata mbolea ya serikali, na majirani zake wamekwisha kuitia shambani. Mbele yangu palikuwa na watu wengi. Nikamjibu, "Mzee, maelezo yote yamebandikwa ukutani pale nje."

Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, ukuta naujua kwa mkono, lakini maandishi yenu hayashikiki."

Huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ofisi. Neno lile lilinichoma, maana hakuna mwalimu anayemwambia mtoto wa darasa la kwanza, "Jisomee." Nikawaomba watu wangoje, nikalifungua daftari la wakulima. Jina lake lilikuwamo. Namba ya kuchukulia mbolea ilikuwa imetumwa kwenye simu yake wiki nyingi nyuma. Simu ilipolia, mzee alimpa kijana mmoja dukani amsomee, na yule kijana, bila kusoma vizuri, akasema ni matangazo ya biashara tu. Siku aliyonijia, mahindi ya wenzake yalikuwa yamefika magotini, na yeye amepanda bila mbolea. Tangu mwaka 2023 mkulima aliyeandikishwa aliuziwa gunia la kilo 50 kwa shilingi 2,500, bei iliyokuwa chini sana kuliko ya dukani. Mzee yule alikosa mavuno kwa sababu ya ujumbe wa mistari miwili.

Tulipozungumza zaidi niligundua jambo kubwa kuliko mbolea. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70, naye hajaulizia fedha za Inua Jamii hata mara moja. Alidhani ni za watu wasio na shamba. Sivyo. Mpango huo una mafungu matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na watoto walio katika hatari, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kila aliyekubaliwa huwekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fungu la ulemavu mkubwa ni la wale wanaohitaji kutunzwa na mtu mwingine wakati wote, na kwa hiyo asiyeona anayejilimia mwenyewe huenda akaambiwa hastahili. Asivunjike moyo akaenda zake. Aulize fungu la wazee, kama umri umefika. Wa kuwauliza ni chifu na Afisa wa Ustawi wa Jamii, nao wamezoea maswali hayo.

Pia ajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Safari hiyo ina faida nyingine, maana wazee wengi huku kwetu husema macho yamechoka kwa uzee, kumbe ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao daktari huweza kuutoa kwa kupasua. Ni afadhali mtu arudi anaona kuliko arudi na kadi!

Wengine watasema, basi matangazo yaandikwe kwa Breili. Ni vema, na Katiba ya mwaka 2010 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuitumia. Shule ya wasioona ya Thika imekuwako tangu mwaka 1946, na waliosoma huko huisoma Breili kwa vidole upesi kuliko mimi nisomavyo kwa macho. Lakini mzee aliyepoteza macho ana miaka 60, hakupata kuigusa. Huyo anahitaji sauti ya mtu, tena mtu aliyemchagua mwenyewe.

Hili la kuchagua nalitilia mkazo. Siku ya uchaguzi, mpiga kura asiyeona huruhusiwa kuja na mtu mzima anayemwamini. Mtu huyo hutia sahihi kwamba atafanya kama alivyoambiwa, wala hawezi kumsaidia mpiga kura mwingine. Akikosa mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Ikiwa kura yalindwa hivyo, kwa nini barua ya fedha isomwe na yeyote aliye karibu? Wako wazee waliotaja namba zao za siri kwa sauti barabarani ili wasaidiwe. Namba ya siri asiambiwe msomaji yeyote, hata karani.

Maoni yangu ni haya. Kila ofisi inayopokea wakulima iweke siku moja katika mwezi, ijulikane barazani na kanisani na msikitini, ambayo karani atakaa na kusoma barua na ujumbe wa wasioona. Asome yote, tangu tarehe mpaka sahihi, asikate maneno akisema "hii si kitu." Akijaza fomu, airudie kwa sauti kabla ya mwenyewe kutia dole gumba. Na asiseme na mjukuu huku mzee ameketi pale pale kama gunia.

Najua wenzangu watanung'unika kwamba kazi ni nyingi. Nilinung'unika mimi kwanza. Lakini mkubwa wangu alinikubalia nijaribu, nami huketi chini ya mti nyuma ya ofisi kila Jumanne ya pili. Siku ya kwanza alikuja mzee yule peke yake. Ombi lake la fedha za wazee sasa liko kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii, na namba ya mbolea tuliisoma siku ile ile ilipofika. Mwezi uliopita alikuja na kina mama wawili ambao macho yao ni mazima kabisa, ila hawakuwahi kupelekwa shule. Nikawasomea nao.