Karara ni Nini? Vichezeo vya Idi na Msamiati Wetu

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya upili huku Msambweni, mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, karara ni nini?" Nilishangaa. Mtoto huyo amelelewa chini ya minazi.

Swali lile lilinirejesha kwenye Idi za utotoni. Kabla ya mwezi kuandama, sisi watoto tuligeuka mafundi. Ukuti ulizaa kititia, tukakimbia nacho ufuoni kikizunguka kwa upepo. Chelewa na karatasi zilizaa tiara. Karara, lile ganda gumu lifunikalo maua ya mnazi, lilikuwa jahazi letu. Tanga lake, kipande cha leso kuukuu. Tulijua sehemu za mnazi kabla hatujaijua kamusi.

Leo mabanda ya Idi, tangu Diani hadi Msambweni, yamejaa vichezeo vya plastiki, vingi vikitoka Uchina. Simlaumu mzazi avinunuaye, wala sikusudii kurudia tu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Tutazame Uchina kwenyewe: huko Beijing mafundi wangali wanafinyanga Tu'er Ye, sungura wa udongo wa sikukuu ya katikati ya vuli. Nchi ituuziayo plastiki haikuutupa udongo wake.

Nasi hatukosi vyombo vya kulinda urithi. Kaya Takatifu za Mijikenda, Kaya Kinondo iliyo jirani na Diani ikiwa mojawapo, ziliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hata hivyo, sheria haimfundishi mtoto neno. Yule mwanafunzi nilimletea karara yenyewe. Hakuhitaji fasili tena, aliuliza tu iwapo itaelea.

Ndugu wanachama, tumekusanya methali, vitendawili na nyimbo za harusi. Mtoto na kititia chake tumewasahau. Rai yangu ni hii: Idi ijayo, kila mmoja wetu atokaye Pwani aketi na bibi au babu, watengeneze kichezeo kimoja, na aandike kila neno litamkwalo, la Kiswahili na la Kidigo. Jarida hili liyachapishe maneno hayo. Tukingoja, tutayakuta kamusini yakiwa yameandikiwa "la kale", ilhali minazi ingali imesimama uani.