Dakika 30 za nyongeza zinambeba nani?

Aprili nne mfululizo, vibanda umiza vya Lizaboni mjini Songea, kama vya nchi nzima, vimeshuhudia jambo lilelile. Timu ya Tanzania ipo robo fainali ya Afrika, dakika 90 za marudiano zimekwisha, mshindi hajapatikana. Mpira unapelekwa moja kwa moja kwenye matuta. Dakika 30 za nyongeza hazipo.

Matokeo yenyewe ni haya:

- 24 Aprili 2022: Simba yatolewa na Orlando Pirates kwa penalti 4-3, Kombe la Shirikisho Afrika.
- 28 Aprili 2023: Simba yatolewa na Wydad Casablanca kwa penalti 4-3, Ligi ya Mabingwa.
- 5 Aprili 2024: Yanga yatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti 3-2, Ligi ya Mabingwa.
- 9 Aprili 2025: Simba yaitoa Al Masry ya Misri kwa penalti 4-1, Kombe la Shirikisho.

Kila ikitokea hivyo, ubishi unarudi upya. Wapo wanaosema CAF inakatisha utamu, na wapo wanaosema dakika 30 ni kuchosha watu bure. Swali ambalo halisikiki sana ni jingine: mechi ikirefushwa, nani hasa anafaidika?

Dunia nzima inatafuta njia ya mkato

Soka haliko peke yake kwenye hili. Wamarekani wana besiboli, mchezo wa vipindi tisa usiokubali sare. Zikilingana, timu zinaongeza kipindi kimoja baada ya kingine mpaka mmoja apigwe. Mwaka 1981 mechi moja ya ligi ndogo mjini Pawtucket ilifika vipindi 33. Ilisimamishwa alfajiri watu wakiwa hoi, ikaja kumaliziwa miezi miwili baadaye.

Mwaka 2020 ligi kuu ya besiboli ikaamua kupunguza urefu. Kwenye kila kipindi cha nyongeza, timu inayoshambulia inaanza na mkimbiaji mmoja tayari kwenye kituo cha pili, nusu ya safari ya kupata pointi. Mwaka 2023 kanuni hiyo ikawa ya kudumu. Wapenzi wa zamani walinuna, wakisema ni pointi ya kupewa.

Lakini kuna kitu kimoja waliacha kama kilivyo: hatua ya mtoano. Huko mechi inapigwa mpaka mwisho kwa kanuni ya zamani. Ndiyo maana Oktoba 2025, mechi ya tatu ya fainali kati ya Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays ilikwenda vipindi 18, zaidi ya saa sita, Dodgers wakashinda 6-5.

Kwenye soka, Amerika Kusini wamefuata njia kama hiyo. Copa América ya 2024, Argentina na Ecuador zilitoka sare robo fainali zikaenda matuta papo hapo. Fainali ikaachiwa dakika 30, na Lautaro Martínez akaifunga Colombia dakika ya 112. Uingereza nako, tangu msimu wa 2018/19 raundi za mwanzo za Kombe la Ligi haziongezi dakika.

Hoja ya uchovu ina uzito

Anza na shabiki. Mechi nyingi za Afrika Kaskazini huanza saa 4 usiku kwa saa za Tanzania. Dakika 90, mapumziko na muda wa fidia vinakupeleka karibu saa 6. Ongeza dakika 30 na matuta, ni kama saa 7 hiyo. Mwenye kibanda hawezi kupitisha kiingilio cha pili, ila umeme unaendelea kuliwa. Aliyelipa anatakiwa kufika kwake usiku huo, na asubuhi kazi inamsubiri.

Mchezaji naye ni binadamu. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, Madagascar ilicheza dakika 120 na Kenya pale Kasarani tarehe 22, ikashinda kwa penalti 4-3. Siku nne baadaye ikaongezewa tena dakika 30 dhidi ya Sudan, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tarehe 30 ikarudi Kasarani kucheza fainali na Morocco, ikalala 3-2. Mechi tatu nzito ndani ya siku tisa, na safari mbili za ndege katikati.

Na mara nyingine dakika hizo hazizai kitu. Fainali ya Kombe la FA la hapa nyumbani, Juni 2024 kule New Amaan Zanzibar, Yanga na Azam zilikimbizana dakika 120 bila bao. Yanga ikachukua kombe kwa penalti 6-5.

Ila mpira uamuliwe na mpira

Upande wa pili nao una hoja. Penalti zinampa kipa na wapigaji watano kazi ya watu 11. Agosti 2023 pale Mkwakwani Tanga, Ngao ya Jamii iliisha 0-0, kisha kipa Ally Salim akapangua penalti tatu za Yanga na Simba ikashinda 3-1. Kwa mtu wa Simba ilikuwa burudani. Mtu wa Yanga ana haki ya kuuliza: kwani nani alicheza mpira mzuri siku ile?

Hata Madagascar ile iliyochoka inawapa nguvu wanaotetea nyongeza. Dhidi ya Sudan walikuwa pungufu, watu 10, na bado walipata bao la ushindi ndani ya zile dakika 30. Wangepelekwa kwenye matuta mapema, bao hilo lisingekuwepo.

Benchi ndilo linaloongea

Hapa ndipo suala linapomhusu mtu wa Songea moja kwa moja. Rudi kwenye Kombe la FA la msimu wa 2023/24, mashindano yaleyale, wababe walewale wa Kariakoo.

Aprili 2024 mjini Kigoma, Mashujaa iliibana Simba kwa sare ya 1-1, ikaing'oa kwa penalti 6-5. Mwezi uliofuata mjini Arusha, Ihefu iliihimili Yanga dakika zote 90 za nusu fainali. Zikaja dakika za nyongeza, Aziz Ki akafunga, Ihefu ikaenda nyumbani.

Mechi mbili haziwezi kuthibitisha kila kitu, lakini zinaonyesha mlango uko wapi. Timu ndogo inaweza kujipanga, kujilinda na kukimbia kwa dakika 90. Baada ya hapo miguu inakufa, na kinachofuata ni swali la nani anaingia kutoka benchi. Sasa hivi kila timu ina nafasi tano za kubadilisha, na kanuni za soka zinaruhusu mashindano kuongeza ya sita muda wa nyongeza. Kwa Simba au Yanga, hao wanaoingia wengi ni wachezaji wa timu za taifa. Kwa klabu ya mkoani, anaweza kuwa kijana aliyepandishwa juzi.

Fikiria Majimaji, Wanalizombe, waliocheza Ligi Kuu mpaka waliposhuka mwaka 2018. Wakipangiwa mkubwa wa Kariakoo pale Uwanja wa Majimaji na kumshika 0-0, dakika 30 zaidi ni zawadi kwa mgeni. Kupiga penalti kunafundishika kwenye uwanja wowote Songea, jioni, kwa mipira michache. Benchi la kimataifa linanunuliwa kwa mamilioni.

Kwa hiyo wanaosema nyongeza ni haki kwa sababu bora ndiye anashinda wanasahau kwamba ubora wa dakika ya 110 mara nyingi ni ubora wa mfuko.

Kifanyike nini?

Dawa si kufuta dakika 30 kila mahali. Fainali ni mechi moja, kombe lipo mezani, hakuna mechi nyingine inayosubiri, na timu zote mbili zimejiandaa kwa siku hiyo. Hapo mpira upewe nafasi yake ya mwisho, kama besiboli na Copa América wanavyofanya.

Ila kuanzia raundi ya kwanza hadi nusu fainali, Kombe la FA liwe na kanuni moja isiyobadilika: dakika 90 zikiisha sare, twende matuta. Itapunguza uchovu kwenye ratiba ambayo tayari imebanwa na mechi za Afrika, na itaacha mlango wazi kwa akina Mashujaa wengine.

Wakubwa watapinga, na wana sababu, maana kanuni hiyo inawanyima nusu saa ya kutumia benchi walilolinunua. Lakini Simba na Yanga wanaishi na kanuni hiyohiyo kila Aprili barani Afrika, dhidi ya klabu zenye fedha kuliko wao. Mwaka 2024 ndiyo iliyoifikisha Yanga Pretoria, baada ya 0-0 mbili na Sundowns, hatua chache kutoka nusu fainali. Nafasi waliyopata Yanga kwa Sundowns ndiyo ambayo Majimaji angeihitaji kwa Yanga.