Jeni, Ubongo na Kizimba cha Mahakama

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Singida ilivuma kwa mauaji ya "watu-simba". Ilidaiwa kuwa vijana, baadhi yao wenye ulemavu wa akili, walifichwa tangu utotoni, wakavikwa ngozi za simba na kuamriwa kuua. Si kila lililosimuliwa lilithibitika. Swali lililobaki lingali hai hata hivyo: mwenye kosa ni mkono ulioua, au aliyeutuma? Na mwenye mkono akiwa hana akili ya kupima alitendalo, sheria imfanyeje?

Siku hizi swali hilo huulizwa kwa lugha ya jeni na picha za ubongo. Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi walieleza ukoo ambao wanaume wake kadhaa, wenye hitilafu adimu katika jeni iitwayo MAOA, walikuwa na upungufu wa akili na tabia ya ukali. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mmoja kifungo kwa mwaka mmoja, aina ya jeni hiyo ikiwa miongoni mwa hoja. Uamuzi ule, kwa maoni yangu, ulikuwa wa haraka. Aina iliyozungumzwa Trieste ni ya kawaida. Mamilioni ya watu wanayo na hawajamdhuru yeyote. Tena kwetu, ambako bado husemwa kuwa ukoo fulani "una damu ya kuua", hoja hiyo ni ya hatari: leo inampunguzia mtu adhabu, kesho inamnyima dada yake mchumba.

Kanuni ya Adhabu haiulizi habari za jeni. Kifungu cha 13 kinauliza kama, wakati wa kutenda, ugonjwa ulioathiri akili ulimfanya mshtakiwa asielewe alitendalo, asitambue kuwa hapaswi kulitenda, au ashindwe kujizuia. Kila mtu huhesabiwa kuwa timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mshtakiwa. Katika shtaka la mauaji ya kukusudia, ambalo adhabu yake ni kunyongwa, mzigo huo unaweza kuwa uhai wenyewe.

Yote yanategemea maneno "wakati wa kutenda". Mshtakiwa wa Singida hupelekwa Isanga, Dodoma, na daktari hupewa siku 42 kuandika taarifa. Kufikia hapo tukio limepita zamani, na huenda mgonjwa ametulia. Hata kipimo cha MRI huonesha ubongo wa siku ya kipimo, si fikra za usiku wa tukio. Mahakama nayo hailazimiki kuyakubali maoni ya daktari ikiwa na sababu nzuri ya kuyakataa. Kwa hiyo ushahidi wenye uzito mara nyingi ni wa zamani na wa kawaida kabisa: kadi ya kliniki ya kifafa, maelezo ya jeraha la kichwa baada ya ajali ya bodaboda, rejesta inayoonesha kuwa dawa zilikosekana miezi miwili. Vyote hivyo huandikwa zahanati.

Nataja kifafa kwa makusudi. Wilaya ya Mkalama inapakana na Mbulu, ambako tafiti za Haydom zimeonesha kuwa mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mwilini huweza kuleta vivimbe vya ubongo na kifafa. Wenye kifafa walio wengi, tena wengi mno, hawatendi jinai yoyote, na asiwepo wa kuwaogopa kwa haya niliyoandika. Lakini mchache anayeamka na kuchanganyikiwa baada ya degedege, akampiga aliyemshika, anahitaji jalada linalosema kuwa hali hiyo ilimtokea kabla.

Mhudumu, usiishie kuandika "kifafa". Andika tarehe, degedege lilidumu muda gani, mgonjwa alifanya nini alipozinduka, na nani alishuhudia. Nawe unayemuuguza ndugu, usiitupe kadi ya zamani daftari jipya linapoanza. Na mambo yakifika polisi, mpe wakili kadi hiyo kabla shauri halijaanza kusikilizwa.