WhatsApp haimtaji aliyeshika simu

Kutoka Kinshasa hadi Salamabila, watu wengi wanaamini kwamba WhatsApp haisemi uongo. Kampuni yenyewe inatangaza kuwa ujumbe umefungwa tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, hakuna wa kuuchungulia njiani. Basi inachukuliwa kwamba ujumbe uliotoka kwenye namba ya fulani ni kauli ya fulani, na hakimu hana la kuuliza tena. Imani hiyo ni potofu. Penye dhahabu na bunduki, inaweza kumfunga asiye na kosa.

Kufuli hilo linaulinda ujumbe ukiwa safarini tu. Halijui nani aliuandika. Simu hupokezanwa kati ya mume, mke na mdogo wao. Laini husajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Akaunti moja huunganishwa na kompyuta iliyo mikononi mwa mtu wa tatu. Picha ya skrini ndiyo dhaifu kuliko yote. Mtu akiihifadhi namba ya rafiki yake kwa jina la kamanda wa waasi, wakaandikiana mistari mitano, tayari ana “mazungumzo na kamanda” ya kumpelekea askari.

Wakongomani wameshaona mambo haya yanavyokwenda. Septemba 8, 2023, mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili kwa sababu ya waraka uliodaiwa kuwa wa idara ya ujasusi, ANR, kuhusu kifo cha waziri wa zamani Chérubin Okende. Upande wa mashtaka ulidai kuwa metadata, yaani taarifa zinazoambatana na faili, zilionyesha kuwa yeye ndiye wa kwanza kuusambaza. Shirika la Reporters Sans Frontières lilichunguza dai hilo, likaonyesha kwamba metadata za WhatsApp na Telegram haziwezi kumtambulisha mtumaji wa kwanza. Hata hivyo mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 20. Bujakera alihukumiwa miezi sita na kutoka gereza la Makala Machi 19, 2024, akiwa ameshakaa ndani zaidi ya muda huo.

Huyo alikuwa na mawakili, na dunia nzima ilikuwa ikipiga kelele. Mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila, mkoani Maniema, ana nani? Pale, mgodi wa Namoya uligombaniwa kwa miaka kati ya kampuni ya Banro, wachimbaji wadogo na kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika. Julai 2019 wafanyakazi wanne wa Banro walitekwa. Mahali kama hapo, neno “anawasiliana na Mai-Mai” linatosha kumharibia mtu maisha, na wa kulisema hakosekani: mdeni wake, au mshindani wake shimoni.

Wapo watakaosema kwamba kudai uthibitisho zaidi ni kuwakinga wauaji. Sivyo, na jibu liko Bukavu. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mauaji ya raia huko Kalehe, ikitumia pia picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, inayorekodi mahali na saa na kuonyesha kama picha imeguswa baadaye. Ushahidi ulipimwa, ukasimama. Ulaya nako, baada ya polisi wa Ufaransa kuingia katika mtandao wa simu za siri za EncroChat mwaka 2020, watu zaidi ya 6,500 walikamatwa duniani. Lakini Aprili 30, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa ushahidi wenye uzito mkubwa ambao mshtakiwa hawezi kuujibu ipasavyo lazima uwekwe kando. Tanzania, sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inamtaka hakimu apime ujumbe ulivyohifadhiwa na mtumaji alivyotambuliwa.

Waendesha mashtaka wa kijeshi wa Maniema nao walete simu yenyewe, si picha yake. Walete hati inayoonyesha nani aliikamata, lini, na nani ameishika tangu hapo. Wakili wa mshtakiwa awepo inapofunguliwa. Na kabla ya kusoma ujumbe hata mmoja, hakimu aulize: siku ile, simu hii ilikuwa kwa nani?